Hati Ambayo Makaburu Hawakuipata: Shinikizo la Dunia na Uhuru wa Namibia

Ukiisoma historia ya Namibia harakaharaka, utaondoka na majibu mawili yanayogombana. La kwanza: Umoja wa Mataifa ulishindwa. Baraza Kuu liliivua Afrika Kusini dhamana ya kuitawala nchi ile mwaka 1966, lakini bendera ya Afrika Kusini ikaendelea kupepea Windhoek hadi 1990. La pili: Umoja wa Mataifa ulifaulu kuliko karibu mahali pengine popote. Ulisimamia uchaguzi, jeshi la mkaliaji likaondoka, taifa likazaliwa likiwa na katiba yake mkononi, na askari wa kofia za buluu wakafunga mizigo wakarudi kwao.

Majibu yote mawili ni ya kweli, na hapo ndipo fundo lilipo. Kama shinikizo la kidiplomasia lina nguvu, kwa nini lilichukua miaka 44, tangu 1946? Na kama halina nguvu, kwa nini mwishowe Makaburu waliondoka kwa kufuata karatasi iliyoandikwa New York miaka 10 kabla? Nadhani tatizo linaanzia kwenye namna tunavyolielewa neno lenyewe, shinikizo. Tunafikiria mkono unaosukuma. Kwa Namibia lilikuwa jambo jingine: dunia ilikataa, mwaka hadi mwaka, kumwandikia aliyekalia nchi ile hati ya umiliki.

Amana isiyorithiwa

Ujerumani iliitwaa nchi hiyo mwaka 1884, ikaiita Afrika ya Kusini-Magharibi, na kati ya 1904 na 1908 ikawaua Waherero na Wanama kwa maelfu, vitani, jangwani kwa kiu na katika kambi za wafungwa. Mwaka 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Afrika Kusini yaliwashinda Wajerumani na kuitwaa.

Vita vilipokwisha, makoloni ya Ujerumani hayakugawanywa waziwazi kama ngawira. Yaliwekwa chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, na nchi zilizoyashika zikaambiwa zinayashika kwa dhamana. Wasomaji wa Tanzania, Rwanda na Burundi wanaijua habari hii nyumbani kwao, kwani Tanganyika na Ruanda-Urundi zilipita njia hiyohiyo. Kifungu cha 22 cha mkataba wa Shirikisho kilisema kwamba ustawi wa watu wa nchi hizo ni amana takatifu. Kiswahili kinalibeba neno hilo vizuri kuliko lugha nyingi. Aliyewekewa amana anaweza kuitunza vibaya, anaweza hata kuila, lakini hawezi kuirithi.

Hata hivyo dhamana zilikuwa za madaraja. Tanganyika iliwekwa daraja B. Afrika ya Kusini-Magharibi iliwekwa daraja C, ambalo lilimruhusu mwenye dhamana kuitawala nchi kwa sheria zake mwenyewe, kana kwamba ni sehemu ya nchi yake. Neno hilo la “kana kwamba” lilikuja kugharimu maisha ya watu wengi. Kwa Pretoria, yaani serikali ya Afrika Kusini, miaka 25 ya “kana kwamba” ilitosha kuifanya kuwa “ndivyo”.

Shirikisho la Mataifa lilivunjwa mwaka 1946. Nchi nyingine zilizokuwa na dhamana Afrika zilizihamishia kwenye mfumo mpya wa udhamini wa Umoja wa Mataifa, na ndivyo Tanganyika ilivyofika kwenye uhuru wa 1961. Afrika Kusini peke yake ikakataa. Waziri Mkuu Jan Smuts alikwenda mbele ya Baraza Kuu kuomba aruhusiwe kuimeza nchi ile moja kwa moja, akidai kwamba wenyeji wameulizwa na wengi wamekubali. Desemba 1946 Baraza Kuu likamkatalia.

Kukataliwa huko hakukushuka kutoka mbinguni. Chifu Hosea Kutako wa Waherero alikuwa ametuma malalamiko akisema watu wake hawakuulizwa kwa haki. Wajumbe wake walinyimwa ruhusa ya kusafiri, kwa hiyo kuanzia 1947 kasisi wa Kianglikana, Michael Scott, akayabeba maneno yao hadi New York. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi huanza kusimulia shinikizo la kimataifa kutokea kwenye kumbi za marais. Hapa lilianza na mzee aliyekuwa na barua, na mtu mmoja aliyekubali kuifikisha.

Mahakama ilipofunga mlango, na ilipoufungua

Mwaka 1949 Afrika Kusini iliacha kupeleka taarifa za utawala wake Umoja wa Mataifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: dhamana tulipewa na Shirikisho la Mataifa, Shirikisho limekufa, basi hatuna wa kumjibu. Ni sawa na msimamizi wa mirathi anayesema kwamba kwa kuwa kadhi aliyemteua amefariki, mali ya mayatima sasa ni yake.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni mwaka 1950. Ilisema Afrika Kusini hailazimiki kuingia katika mfumo mpya wa udhamini, lakini dhamana ya zamani ingali hai, na kazi ya usimamizi sasa ni ya Umoja wa Mataifa. Haiwezi kubadili hadhi ya nchi ile peke yake. Yalikuwa maoni ya ushauri tu, na Pretoria ikayapuuza.

Novemba 1960, Ethiopia na Liberia zikafungua kesi kamili. Zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa wanachama wa lile Shirikisho la zamani na kwa hiyo zilionekana kuwa na haki ya kudai. Kesi ilichukua karibu miaka sita. Julai 18, 1966, majaji waligawanyika saba kwa saba, na rais wa mahakama, Percy Spender wa Australia, akatumia kura yake ya kuamua. Hukumu ikawa kwamba Ethiopia na Liberia hazikuwa na masilahi ya kisheria katika jambo hilo. Baada ya miaka yote hiyo, mahakama haikugusa kama ubaguzi wa rangi unavunja amana au la.

Siwezi kusoma hukumu ile bila uchungu. Lakini angalia ilizaa nini. Agosti 26, mwaka huohuo, wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha nchi hiyo, na vikosi vya Afrika Kusini walipambana Omugulugwombashe, kaskazini mwa nchi, na vita vya ukombozi vikaanza. SWAPO ilikuwa imeundwa 1960 chini ya Sam Nujoma, ikawa na ofisi yake Dar es Salaam, na vijana wake wakawa na kambi Kongwa, Dodoma. Oktoba 27, Baraza Kuu likapitisha azimio namba 2145: dhamana ya Afrika Kusini imevunjwa, na nchi ile iko chini ya Umoja wa Mataifa wenyewe. Nchi 114 ziliunga mkono. Zilizopinga ni Afrika Kusini na Ureno. Ufaransa, Uingereza na Malawi zilijizuia kupiga kura.

Mwaka uliofuata likaundwa Baraza la Umoja wa Mataifa la kuiongoza nchi hiyo, na mwaka 1968 Baraza Kuu likaipa jina la Namibia. Juni 21, 1971, mahakama ileile, ikiwa na majaji wengi wapya na ikiwa imeombwa na Baraza la Usalama, ilisema kwa kura 13 dhidi ya 2 kwamba kuwepo kwa Afrika Kusini Namibia ni haramu na ni lazima iondoke mara moja. Iliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: mataifa mengine nayo yana wajibu wa kutolitambua tendo lolote la Afrika Kusini kuhusu Namibia.

Kutotambuliwa kunauma vipi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema maazimio ni maneno. Tufuatilie basi maneno hayo yalifanya kazi gani.

Serikali inayokalia nchi ya wengine huhitaji siku moja kuacha kuwa mkaliaji. Inataka mikataba yake iheshimiwe, madini inayochimba yauzwe bila kesi, viongozi inaowaweka wapokelewe kama viongozi. Mwaka 1975 Afrika Kusini iliitisha mkutano katika jumba la Turnhalle, Windhoek, ikakusanya wajumbe kwa misingi ya makabila na rangi, SWAPO ikiwa nje, ili itokee “Namibia huru” ya kutengenezwa. Desemba 1978 ikaendesha hata uchaguzi wake. Baraza la Usalama lilikuwa limeshatangaza kabla kwamba matokeo yake ni batili. Hapakuwa na ubalozi uliofunguliwa, wala kiti New York. Mradi ule ulikuwa na wabunge, bajeti na magari ya serikali, ukakosa kitu kimoja tu ambacho Pretoria haikuweza kukinunua.

Upande wa pili, mamlaka ilijengwa mahali pengine. Baraza Kuu liliitambua SWAPO kuwa mwakilishi halisi wa watu wa Namibia mwaka 1973, na 1976 kuwa mwakilishi pekee, ikapata nafasi ya uangalizi katika Umoja wa Mataifa. Baraza la Namibia lilitoa hati za kusafiria. Mwaka 1974 lilitoa amri ya kulinda maliasili, iliyosema yeyote anayechimba au kusafirisha mali ya Namibia bila idhini yake anaweza kudaiwa. Mgodi wa urani wa Rössing, uliokuwa chini ya Rio Tinto, ulianza uzalishaji 1976 na haukufungwa kwa amri hiyo, ila kila mnunuzi alijua ananunua mali yenye mgogoro. Huko Lusaka, mwaka huohuo wa 1976, ilifunguliwa Taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Namibia ili kuwafundisha watumishi wa nchi ambayo bado haikuwa na serikali. Mkuu wake alikuwa Hage Geingob. Miaka 14 baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Namibia.

Kura za turufu

Kwa nini basi Baraza la Usalama halikuiwekea Pretoria vikwazo vikali ikatoka mara moja? Kwa sababu nchi tatu zenye kura ya turufu, Marekani, Uingereza na Ufaransa, zilikuwa na biashara kubwa na Afrika Kusini na ziliitazama kama ngome dhidi ya Urusi ya Kisovyeti. Oktoba 1974 zilizuia pendekezo la kuifukuza Afrika Kusini kutoka Umoja wa Mataifa. Vikwazo vya lazima vya silaha vilipita Novemba 1977, baada ya mauaji ya Soweto na kifo cha mwanaharakati Steve Biko, lakini Aprili 1981 maazimio manne ya kuongeza vikwazo kwa sababu ya Namibia yaliangushwa na nchi hizohizo tatu.

Lakini Afrika nayo ilijua kubana. Nchi za Mstari wa Mbele, yaani nchi huru za eneo hilo zilizounga mkono ukombozi wa kusini, zikiongozwa na Mwalimu Nyerere, pamoja na kundi zima la Afrika katika Umoja wa Mataifa, zilirudi na hoja ya vikwazo kila mwaka. Kila mara Magharibi ilipotumia kura ya turufu ilijiaibisha mbele ya dunia nzima, na aibu hiyo ndiyo iliyozaa mpango. Mwaka 1977 nchi tano za Magharibi zilizokuwa katika Baraza la Usalama, yaani Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani Magharibi na Kanada, ziliunda kundi la kuzungumza na Pretoria kwa upande mmoja, na SWAPO na Nchi za Mstari wa Mbele kwa upande mwingine. Ili zisilazimike kupiga kura ya vikwazo, ilibidi zilete kitu.

Kitu hicho ni azimio namba 435 la Septemba 29, 1978. Mapigano yakome. Askari wa Afrika Kusini wapunguzwe hadi 1,500, wafungiwe kambini, kisha waondoke. Wapiganaji wa SWAPO nao wabaki kambini. Wafungwa wa kisiasa waachiwe, wakimbizi warudi, sheria za kibaguzi zifutwe, na watu wachague bunge la kuandika katiba. Jambo gumu lilikuwa hili: mtawala aliyewekwa na Afrika Kusini angebaki ofisini wakati wa uchaguzi, lakini kila hatua ingelazimika kumridhisha Mjumbe Maalumu wa Katibu Mkuu. SWAPO iliona hilo kama kumwachia fisi zizi huku ukimwekea mlinzi, na sidhani ilikosea kuogopa. Bandari ya Walvis Bay nayo iliachwa nje ya mpango, ishughulikiwe kwa azimio lake, namba 432.

Aliyeteuliwa kuwa Mjumbe Maalumu alikuwa Martti Ahtisaari wa Finland. Kuanzia 1973, kwa miaka kadhaa, alikuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kituo cha vyama vya ukombozi vya kusini. Alipokubaliwa na viongozi wa Afrika, hawakuwa wakimkubali mgeni.

Afrika Kusini ilikuwa imeukubali mpango wa Magharibi Aprili 1978. Siku chache baadaye, Mei 4, ndege zake zilishambulia kambi ya Wanamibia huko Cassinga, Angola, na mamia wakauawa, wengi wao wakimbizi. Kisha zikaja hoja za idadi ya askari wa Umoja wa Mataifa, za upendeleo wa Baraza Kuu kwa SWAPO, za tarehe. Mkutano wa Geneva wa Januari 1981 ukavunjika.

Utawala wa Ronald Reagan ukaongeza fundo jingine. Mwanadiplomasia wake, Chester Crocker, alifunga uhuru wa Namibia na kuondoka kwa askari wa Cuba nchini Angola, walioingia 1975 kuisaidia serikali ya chama cha MPLA dhidi ya uvamizi wa Afrika Kusini. Yaani watu wa Namibia wasubiri hadi wengine wamalize ugomvi wao. Baraza la Usalama lilikataa masharti hayo mwaka 1983 kwa kura 14, Marekani ikijizuia, na mwishoni mwa mwaka huo Ufaransa ikajitoa katika shughuli za kundi la watano. Hata hivyo, kwa miaka saba hivi azimio 435 lilikaa kabatini.

Mizani ilipoinama

Kilichobadilika hakikuwa maneno ya azimio. Halikubadilishwa hata sentensi moja ya msingi. Zilizobadilika ni gharama.

Mwaka 1985 mabenki makubwa ya nje yalikataa kuiongezea Afrika Kusini muda wa mikopo, thamani ya randi ikaporomoka na nchi ikasimamisha malipo ya sehemu ya madeni yake. Oktoba 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo kwa kuishinda kura ya turufu ya Reagan mwenyewe. Hapo unaona njia ndefu ambayo shinikizo hupita: lilizuiwa Baraza la Usalama, likazunguka kwa makanisa, vyuo vikuu na vyama vya wafanyakazi, likatokea upande wa pili bungeni na benki. Kisha vikaja vita. Kati ya 1987 na 1988 jeshi la Afrika Kusini lilikwama Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola, na vikosi vya Cuba vikasonga hadi karibu na mpaka wa Namibia. Pretoria ikaona hatari ya kupoteza vijana wengi wa Kizungu kwa ajili ya nchi ambayo hakuna duniani aliyesema ni yake. Na Moscow ya Gorbachev ilikuwa imechoka na vita vya mbali.

Kuna wanaosema Cuito Cuanavale ndiyo iliyoikomboa Namibia, na wengine husema ni Crocker. Naona wote wanashika sehemu. Bunduki na madeni viliifanya Pretoria itake kutoka. Ila mtu anayetaka kutoka anahitaji mlango, na mlango ulikuwa mmoja tu, ule wa 1978. Hakuweza kuwakabidhi nchi watu wa Turnhalle na kuondoka, kwa sababu kwa miaka 10 dunia ilikuwa imekataa kuwatambua. Bila ukaidi ule wa New York, ushindi wa Angola ungeweza kuishia kwenye mpaka uliosogezwa, au serikali ya vibaraka, au usitishaji wa mapigano usio na mwisho.

Mazungumzo yalipita London, Cairo, New York, Geneva na Brazzaville. Desemba 22, 1988, Angola, Cuba na Afrika Kusini zilitia saini New York. SWAPO, ambayo watu wake walikuwa wakifa kwa miaka 22, haikuwa mezani. Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa Namibia, Bernt Carlsson wa Sweden, alikuwa njiani kwenda kushuhudia. Alikuwamo katika ndege ya Pan Am iliyolipuliwa juu ya Lockerbie siku moja kabla.

Utekelezaji ulianza Aprili 1, 1989, na ulianza kwa damu. Nchi kubwa zilikuwa zimebishana kuhusu bajeti, askari wa Umoja wa Mataifa wakachelewa, na siku hiyo walikuwa wachache mno nchini. Wapiganaji wa SWAPO walionekana kaskazini, jeshi la Afrika Kusini likaruhusiwa kutoka kambini kwa idhini ya Ahtisaari, na zaidi ya watu 300 wakafa. Mpango uliokolewa kwa makubaliano yaliyofikiwa Mlima Etjo, Aprili 9. Baada ya hapo mambo yalikwenda. Wakimbizi zaidi ya 40,000 walirudi. Kenya, Finland na Malaysia zilitoa vikosi vya askari wa miguu. Novemba 7 hadi 11 walipiga kura zaidi ya asilimia 95 ya waliojiandikisha, na SWAPO ikapata viti 41 kati ya 72. Haikufikia theluthi mbili, kwa hiyo katiba ililazimika kuandikwa kwa maridhiano. Machi 21, 1990, Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar alimwapisha Nujoma mjini Windhoek, Rais F. W. de Klerk akiwapo kushuhudia bendera ya nchi yake ikishushwa.

Usichukue mfano huu ukaubandika kila mahali. Sahara Magharibi nayo ina maoni ya mahakama, ya 1975, yaliyosema hapakuwa na uhusiano wa kimilki kati yake na Moroko unaozuia watu wake kujiamulia. Ina ujumbe wa Umoja wa Mataifa tangu 1991, ulioanzishwa kusimamia kura ya maoni, na kura hiyo haijapigwa. Mlango upo pale pia. Kinachokosekana ni gharama kwa anayeikalia, na zaidi ya hapo, ule ukuta wa kutotambua umeanza kubomolewa: Desemba 2020 Marekani iliitambua Sahara Magharibi kuwa ya Moroko. Kwa Namibia hakuna serikali kubwa iliyovuka mstari huo, hata zile zilizokuwa zikipiga kura ya turufu.

Na Walvis Bay? Mwaka 1990 Afrika Kusini iliibakiza, bandari kubwa kuliko zote za Namibia, ikiwa na madai ya kisheria ya tangu enzi za Waingereza. Azimio 432 lilikuwa limesema mwaka 1978 kwamba bandari ile lazima iunganishwe na Namibia, na Namibia ikaendelea kulitaja katika mazungumzo. Usiku wa kuamkia Machi 1, 1994, wiki nane kabla ya uchaguzi uliomweka Nelson Mandela madarakani, bendera ya Afrika Kusini ikashushwa huko nako.